Ushuhuda wa Kinyozi

Jumatano, 4 Machi
Seremala katoa ushuhuda kanisani jioni hii: goti limepona kwa maombi. Sasa anaketi benchi la mbele, miguu kainyoosha. Mimi kinyozi, ninayefagia kanisa hilohilo, hakuna anayenisalimia. Nimeamua. Nina presha, kila mtu anajua. Naacha vidonge. Mungu akiniponya, Jumapili nitasimama mbele ya wote, na goti la seremala litasahaulika.

Alhamisi, 5 Machi
Vidonge nimevificha ndani ya kiatu cha harusi. Mke wangu kauliza kama nimemeza. Nikasema nimemeza. Alikuwa anaosha vyombo, midomo ikicheza kidogo. Ndivyo anavyosali. Maombi ya namna hiyo yatafika wapi?

Ijumaa, 6 Machi
Kichwa kinagonga. Labda ni nguvu za Mungu zinashuka. Nimeomba ishara, hata ndogo: taa izimike, iwake. Haikuzimika. Nimevaa miwani, nikaikodolea mpaka macho yakauma.

Jumamosi, 7 Machi
Mkono wa kushoto umekufa ganzi, kitana kikanidondoka mbele ya mteja. Naogopa. Nilitaka kumwambia mke wangu. Lakini kesho ndiyo Jumapili, na seremala kaniuliza mbele za watu mbona nimepauka.

Jumatatu, 9 Machi
Hospitali. Naambiwa nilisimama, nikasema, "Ndugu zangu, Bwana ame...", nikamwangukia seremala. Ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani. Goti lilihimili, kwa bahati mbaya.

Nilipozinduka, mke wangu alikuwa pembeni, kanishika mkono. Macho yamevimba. Vidonge vya kiatuni alishavikuta. Nikamuuliza alikuwa akimwomba Mungu nini muda wote huo.

"Sikuomba kitu," akasema. "Niliogopa sana. Nikakaa naye tu."

Nikamwambia angalau angeomba ishara. Akauachia mkono wangu taratibu, akamimina maji, akanipa kidonge. Akanitazama mpaka nikameza.

Jumamosi, 14 Machi
Nimeruhusiwa. Daktari kasema nikirudia sitaamka. Mke wangu kaniapisha, nami nimeapa kwa moyo wote: vidonge nitameza. Kosa lilikuwa kuchagua ugonjwa usioonekana. Presha ikipona, nani ataiona? Macho ni jambo jingine. Asubuhi nimetupa miwani chooni, nisije nikashawishika kuivaa. Nimefungua kibanda kwa imani. Kuna mtu kaingia, kaketi, kaegemeza kichwa. Kwa sauti ni seremala. Anataka ndevu zote zitoke, kwa wembe.