Seva ya Ghorofa ya Nne

Giga alimwona yule bibi kabla bibi hajamwona yeye. Ndivyo alivyoamini, na tumwache aamini kidogo, maana raha yake yenyewe haikufika Jumapili.

Bibi alikuwa amesimama mbele ya kabati la vioo katika duka la kompyuta, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, kakaratasi mkononi.

"Kijana," alimwuliza muuzaji, "seva ya kuweka nyumbani ni ipi? Niliyonayo ni ya zamani, kubwa kama friji. Sijui niiongezee nini."

Muuzaji alikuwa na wateja watano na mdomo mmoja. Akasema, "Subiri, mama."

Neno hilo "subiri" ndilo lililomlisha Giga miaka sita. Giga hakuwa fundi wala muuzaji. Alikuwa mshauri. Fundi hufungua kompyuta, akikosea inaonekana. Mshauri hufungua mdomo tu. Yote aliyoyajua aliyasoma ubavuni mwa maboksi akiwa anazurura dukani, na kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja giga kadhaa, watu wakambatiza hivyo. Aliwahi kumshauri kinyozi mmoja anunue feni tatu za kompyuta. Kinyozi mpaka leo anazitumia kuwapoza wateja shingo, na huo ndio ushauri pekee wa Giga uliowahi kumfaa binadamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekusikia bila kukusudia. Usinunue kitu kabla mtaalamu hajaona ulichonacho. Hawa watakuuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia wakutoze."

"Sasa mimi nitajuaje? Naambiwa mara memori, mara prosesa. Mimi naona vitaa tu vinawaka."

Vitaa tu! Moyo wa Giga ukaruka kamba. Mteja anayeona vitaa tu ni kama embe lililoanguka lenyewe na kujimenya.

Bibi alikaa ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Giga alifika juu akihema kama aliyefukuzwa. Chumbani mlikuwa na kitanda cha mtoto mchanga bado kimefungwa kwenye boksi lake, na kando yake, chini ya kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki, seva. Bibi akaondoa maua, akaondoa kitambaa, akafungua kifuniko cha ubavuni kwa vidole viwili. Alikifungua haraka mno kwa mtu anayeona vitaa tu, lakini Giga hakuwa akitazama vidole. Alikuwa akitazama ndani.

Vijiti kumi na sita vya memori vilikuwa vimejipanga kama wanafunzi paredi, kila kimoja kimeandikwa giga nane. Dukani, kijiti cha giga nane kilikuwa bei ya kiatu kizuri cha ngozi. Hapa palikuwa na viatu vya ukoo mzima, na shemeji wangebakiziwa.

Akakunja uso kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, pole. Imekufa hii."

"Mbona inawaka?"

"Hiyo ndiyo dalili yenyewe."

"Ala!"

"Inakula umeme wa mtaa mzima. Siku moja italipuka. Lakini kwa sababu wewe ni kama mama yangu, nitakusaidia kuitupa. Bure."

Bibi akashika shavu. "Mungu akubariki. Ila kuna mwenzako alikuja jana, naye mshauri. Kasema ataichukua, aniachie kompyuta ndogo mpya ya kuwekea picha za wajukuu. Anarudi kesho saa nne."

Giga akaudhika. Mshauri mwingine! Mji umejaa matapeli, siku hizi mtu mwaminifu afanye kazi wapi?

"Mama, mimi nakuletea leo. Saa hii. Haijaguswa na mtu."

Kompyuta hiyo isiyoguswa na mtu ilikuwa laptopu ya mkewe. Mama watoto alikuwa akitengeneza kadi za harusi kwa laptopu hiyo; ndiyo iliyolipa ada ya shule, unga na mara nyingi nauli ya mshauri. Kwa wakati huo alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, arudi Jumapili. Leo ilikuwa Ijumaa. Hesabu ya Giga ilikuwa nyepesi: kuuza vijiti Jumamosi, kununua laptopu bora zaidi jioni, na Jumapili kupokewa kama mume wa mfano. Akaitoa drooni, akaifuta vumbi, akaiondoa nywila, akaitia kwenye boksi la laptopu nyingine, akampelekea bibi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Giga aliinama, akaikumbatia seva, akanyanyua. Kiuno kikasema neno ambalo haliandikiki. Ngazi sabini na mbili. Alizihesabu zote, maana kila moja ilijitambulisha kwake. Bibi alimshikia mlango akisema, "Polepole, mwanangu, usiumie," kwa sauti ya upole wa kweli kabisa.

Jumamosi asubuhi alikuwa mbele ya meza ya mama mmoja mnunuzi wa memori, fundi hasa, mwenye bisibisi sikioni kama kalamu. Giga akamwaga vijiti vyote kumi na sita kwa mbwembwe.

"Giga mia moja ishirini na nane, dada. Taja bei, ila uone aibu."

Fundi akachukua kimoja, akakilinganisha na cha kwake. "Kaka, umeona hili pengo katikati ya meno ya kijiti?"

"Naliona."

"Na la changu liko wapi?"

Giga akatazama. Lilikuwa mahali pengine.

"Hizi ni za seva, na za seva za kizamani. Haziingii kwenye kompyuta ya nyumbani hata uzisukume kwa nyundo. Boksi linakwambia giga, halikwambii aina." Akavirudisha vyote kwa kiganja, kama anayefagia makombo. "Nani kakushauri?"

Giga alikuwa tayari njiani, mbio, kichwani picha moja tu: mama watoto akifungua droo tupu.

Bibi alimfungulia kabla hajabisha. Laptopu ilikuwa mezani, imewashwa, inaonyesha kadi yenye njiwa wawili.

"Karibu, mwanangu. Hii isiyoguswa na mtu ina kadi arobaini za harusi, na jina na namba ya simu ya mwanamke chini ya kila moja. Ni mkeo, sivyo? Anajua?"

Giga akapiga magoti. Hakupanga, magoti yalijipanga yenyewe. "Mama, hajui. Nirudishie. Akikosa hii, kazi imekufa, na mimi nimekufa kabla ya kazi."

"Nilitunza chumba cha seva miaka thelathini," alisema bibi akifuta miwani. "Nilipostaafu, kampuni ikanizawadia mashine. Binti yangu anahamia hapa na mtoto, nataka nafasi. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawapandi ngazi, wachukuzi wakiiona wanakimbia. Nikasema, nani katika mji huu atabeba mzigo ule akishukuru?"

"Ungeniambia tu, ningeubeba bure!"

"Ya bure ungeishtukia. Wewe si mjinga." Alilitamka hilo kwa huruma iliyouma kuliko tusi. "Na mshauri wa jana hakuwepo."

"Basi laptopu..."

"Yako. Au tuseme, yake. Lakini zawadi za kustaafu zilikuwa mbili. Seva ya pili iko nyuma ya mlango."

Ngazi sabini na mbili, kwa mara ya pili, laptopu ikiwa kwapani na shingo imepinda. Jumapili mama watoto alikuta sebule ina makabati mawili ya chuma yaliyofunikwa shuka, na mume aliyekaa wima kama aliyemeza ufagio.

"Haya nini?"

"Ya rafiki. Yanapita tu."

Mama watoto akatoa laptopu drooni, akaiwasha afanye kazi. Kwenye kioo palikuwa na barua, herufi kubwa. Akaisoma kwa sauti:

"'Mwanangu mtengeneza kadi, kazi yako nzuri. Kompyuta yako ina giga nne tu, ndiyo maana inakwama ukifungua picha kubwa. Iongezee ziwe nane, badili na diski iwe ya kisasa; hapo itakuvusha miaka minne bila kununua mpya. Seva huhitaji hata kidogo. Sasa mwulize mumeo amepata wapi mbili.'"

Akaisoma tena, kimoyomoyo safari hii. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya mumewe, akakunja mikono.

"Baba watoto," alisema taratibu, "hebu nishauri."