Somo la Kola

Siku hiyo habari ilifika kijiweni kabla ya kahawa. Gundi, fundi viatu, alikuwa na kiatu cha mtu mkono wa kushoto na simu mkono wa kulia, na kama kawaida yake, simu ndiyo iliyokuwa inashughulikiwa.

“Sikilizeni haya,” akasema. “Kuna chuo kimefungua masomo yake yote. Vitabu, noti, michoro, mitihani na majibu yake. Mtu yeyote anachukua, anakopi, anarekebisha, anawafundishia wenzake, wala haombi ruhusa. Sharti moja tu: amtaje aliyeandika.”

“Na majibu?” akauliza Mwalimu Daftari, mwalimu mstaafu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kaacha mlango wa nyumba wazi.

“Na majibu, mzee wangu. Pole sana.”

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya duka la ushonaji, kati ya sanduku la Gundi na kibanda cha Mama Kopi mwenye mashine ya kutoa nakala. Duka ni la Fundi Kola. Jina hilo hakujipa. Mashati yake ya shule yanajulikana kwa mbali: kola imelala shingoni utadhani imeambiwa usingizi ni lazima. Na ndani ya duka, karibu kabisa na mlango, kuna kigoda cha Vifungo, binti wa miaka ishirini na minne, anayeshona vifungo na kukunja pindo mwaka wa tatu sasa. Mikono yake ilikuwa ndani, masikio yake nje.

Vifungo hakuwa msemaji, alikuwa mtazamaji. Kwa kutazama tu alikuwa amejua mkono unavyoingia begani, mfuko unavyosimama, mgongo unavyokatwa usivute. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Kila ilipofika zamu ya kola, Fundi alibeba mkasi na kitambaa, akageukia ukuta, akakata huko huko kama mtu anayebadilisha nguo. Nyumbani kwao kulikuwa na cherehani aliyoachiwa na shangazi yake, imefunikwa shuka, inangoja. Lakini ataifunuaje? Mteja wa kwanza angeomba shati, na shati bila kola ni fulana yenye majivuno.

Aliwahi kufumua kola kuukuu akaipima kwa rula ya mpwa wake. Vipande vyake viwili, cha juu na cha chini, havikulingana. Akajiambia ni sabuni na miaka, vimevutika katika kufuliwa, akaviweka.

“Elimu ya kugawa barabarani kama vipeperushi,” Mwalimu Daftari alikuwa anasema. “Mtu asipotoa jasho hawezi kuithamini.”

“Jasho tulitoa, Mwalimu,” akasema Gundi. “Ulikuwa unaandika ubaoni kwa mkono wa kulia, unafuta kwa wa kushoto. Mimi nimemaliza shule na nusu ya kila sentensi. Mpaka leo najua mimea inahitaji maji na. Na nini, sijui.”

“Na mwanga,” akasema Mwalimu, kisha akafumba mdomo haraka.

“Umeona? Imekutoka bure na bado unapumua.”

“Cheka tu. Noti zangu ni jasho la miaka thelathini na moja. Zimo sandukuni, na sanduku lina kufuli.”

“Nazijua hizo,” akasema Mama Kopi kutoka kibandani, akigonga karatasi zikae sawa. “Uliniletea mwaka juzi nikutolee nakala, kwa kuwa panya walianza kuzisoma kabla ya wanafunzi. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kuna jina limepakwa wino mweupe. Mashine yangu ina taa kali, Mwalimu. Jina halikuwa lako.”

Benchi zima likamgeukia mzee. Alirekebisha koti ambalo halikuwa na shida yoyote.

“Yule alikuwa mwalimu wangu. Aliniachia.”

“Na aliyemwachia yeye, naye alipakwa?” akauliza Gundi. “Maana kwa mwendo huu tukiukwangua ule ukurasa tutamkuta mtu wa kwanza kujua kusoma.”

“Mwacheni mzee wa watu,” akasema Fundi Kola. Alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni kama nishani. “Mwenye ujuzi ana haki ya kuufunga. Mimi hii kola nilikaa kwa bwana wangu miaka minne, napiga pasi, natumwa sabuni, nambebea mwanawe, ndipo nikaonyeshwa. Leo mtu aamke, abonyeze simu, apate? Kwani simu ilimpigia pasi nani?”

“Kwa hiyo ulinyanyaswa wewe,” akasema Gundi, “na anayelipizwa ni huyu binti.”

“Nimemlipiza? Vifungo, nimekunyanyasa mimi?”

“Hapana, Fundi.” Vifungo akakata uzi kwa meno. “Najifunza subira.”

“Mmesikia? Subira. Hicho chuo chenu kina somo la subira?”

Gundi akasogeza kidole kwenye kioo, akasogeza tena. “Hakina. Ila kina ushonaji.”

Sindano ya Vifungo ikasimama katikati ya tundu la kifungo. Kulikuwa na jambo moja alilolijua kuhusu Fundi kuliko hata mke wake. Kazi yake mwenyewe angeinyamazia mpaka kaburini, lakini kazi mbaya ya mwingine ilimwasha mwili. Aliwahi kuacha chakula mezani akamfuata mpita njia hadi kona ya pili, kumwambia kwamba mikono ya shati lake imebadilishana pande.

“Kaka Gundi,” akasema, “nipe niwasomee. Wewe una gundi vidoleni.”

Akaipokea simu, akajifuta mikono kwenye sketi, akasoma taratibu, neno kwa neno, kama anayesoma barua ya mtu mzima.

“Somo la tisa. Kola ya shati. Kata kola ya juu. Kisha kata kola ya chini.” Akainua macho kidogo. Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani, anatia uzi, sura ya mtu asiyesikiliza. “Kola ya chini iwe sawasawa na ya juu, urefu kwa urefu, upana kwa upana.”

Uzi ukapita pembeni ya tundu la sindano.

“Soma tena,” akasema Fundi.

Akasoma tena.

“Nani kaandika huo upuuzi?”

“Wamemtaja. Mkufunzi wa ushonaji. Na picha yake ipo.”

“Kavaa shati?”

“Kavaa.”

“Lete.”

Fundi akaitazama picha kwa muda mrefu, kama watu wanavyotazama ajali. “Oneni. Ncha zimeinuka kama zinauliza njia. Mshono unachungulia nje. Huyu ni mkufunzi, na shingo yake inaomba msaada.”

“Ndiyo elimu ya bure hiyo,” akasema Mwalimu Daftari, uso umeng’aa tena. “Nilisema nini mimi?”

“Wamesoma watu wangapi?” akauliza Fundi.

Vifungo akatafuta kwa kidole. “Elfu kumi na moja.”

“Elfu kumi na moja,” Fundi akarudia, akairudisha simu taratibu. “Kola elfu kumi na moja zinatembea barabarani ziko hivi.”

“Si umesema ujuzi ufungwe?” Gundi akachukua brashi, akaanza kusugua kiatu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. “Waache na ncha zao zilizosimama shingoni kama masikio. Wewe utabaki na kola yako nzuri, peke yako, unaiangalia.”

“Na nikikutana nazo njiani nitafanyaje?”

“Geukia ukuta. Si umezoea.”

Mama Kopi akacheka mpaka karatasi zikamponyoka. Fundi hakucheka.

“Hapa chini pameandikwa,” akasema Vifungo, kwa sauti ya anayesoma tangazo la sabuni, “ukiona kosa, sahihisha, weka picha, andika na jina lako.” Akaiweka simu pajani. “Lakini labda wako sawa, Fundi. Vipande viwili vya kola moja, kwa nini visilingane?”

Hakuna aliyewahi kumsikia Vifungo akitumia maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo.

“Kwa nini visilingane,” akasema Fundi. “Miaka mitatu umo humu ndani, na unaniuliza mimi kwa nini visilingane.”

“Sijawahi kuona, Fundi. Huwa naona mgongo.”

Gundi akapatwa na kikohozi kilichohitaji ainame kabisa.

Fundi akainuka. Akachukua kipande cha kitambaa cheupe, akachukua mkasi, miguu yake yenyewe ikaanza kuelekea ukutani. Mama Kopi alikuwa ameshasogea mlangoni na simu yake ameiinua juu, tayari kupiga picha.

“Fundi, watu elfu kumi na moja hao watatazama makalio ya suruali yako.”

Akasimama. Ilimchukua muda, kama mlango wenye kutu, lakini aligeuka. Akatandika kitambaa juu ya meza, mbele ya watu wote, akakikunja tabaka mbili juu ya kidole chake.

“Kola ina mkunjo. Kipande cha nje kinazunguka njia ndefu, cha ndani kinapita njia fupi. Ukivikata sawa, cha ndani kinakuwa kimezidi. Kikizidi kinasukuma. Kikisukuma, ncha inainuka. Kwa hiyo hicho cha ndani, yaani kola ya chini, unakipunguza. Milimita mbili. Huku, huku, na huku. Upande wa shingo usiuguse. Halafu unaposhona unakivuta cha chini kidogo kidogo mpaka vikutane, na mshono wenyewe unaingia chini, unajificha.”

Akakata. Mkasi ulisikika mpaka kwa Mwalimu.

“Imekwisha?” akauliza Gundi.

“Imekwisha.”

“Milimita mbili. Umempigia mtu pasi miaka minne kwa milimita mbili.”

“Na pande tatu,” akasema Fundi, akiokota heshima iliyobaki.

Vifungo alikuwa anaifikiria ile kola kuukuu na rula ya mpwa wake. Tofauti ilikuwa milimita mbili. Ilikuwa mkononi mwake mwaka mzima, na yeye akaisingizia sabuni.

“Andika na jina langu,” Fundi alikuwa anamwamuru Mama Kopi. “Lote. Mpaka la babu.”

“Hapa hapaingii ukoo mzima, Fundi.”

“Basi punguza maelezo.”

Picha zikaenda, maelezo yakaenda, jina likaenda. Fundi akakaa benchini na wenzake, jambo ambalo halifanyi saa za kazi, akaagiza kahawa ya watu wote kama mtu aliyepata mtoto. Mwalimu Daftari akamsogezea nafasi kwa masikitiko.

“Umejimaliza,” akamwambia. “Kesho kila mtu ni Fundi Kola. Utakula nini?”

“Nitakula chakula nikitazama shingo za watu bila kuumwa.”

Kikombe hakijafika nusu, simu ya Mama Kopi ikalia.

“Fundi, kuna mtu kajibu.”

“Anashukuru?”

“Anashukuru. Anasema: asante kwa masahihisho. Hata hivyo, kwa kitambaa kizito, milimita mbili hazitoshi. Inaelekea ndugu yetu huyu amezoea vitambaa vyepesi tu.”

Gundi akaweka kiatu chini. Mambo kama hayo hayasikilizwi na kiatu mkononi.

“Vitambaa vyepesi,” akasema Fundi. “Mimi. Niliyewashonea walinzi makoti mpaka sindano zikaomba likizo.” Akanyoosha mkono. “Lete hiyo simu. Huyu namjibu mwenyewe.”

Akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama anayetafuta chawa.

“Weka na picha,” akasema Mama Kopi. “Bila picha wataona ni mdomo tu.”

“Vifungo,” Fundi akaita bila kuinua kichwa. “Lile pande la kaki pale juu. Kata kola. Mimi nimeshikwa huku.”

Mama Kopi akamtazama Gundi. Gundi akamtazama Mwalimu. Hakuna aliyethubutu kupumua kwa nguvu, asije akamzindua.

Vifungo akaliweka pembeni shati lililokuwa linangoja kifungo chake cha mwisho. Akaishusha kaki, akaitandika mezani, akaushika mkasi wa Fundi. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana nyuma ya mgongo wa Fundi. Akakata kola ya juu. Kisha akasita.

“Nipunguze ngapi, Fundi?”

“Unaniuliza mimi? Kitambaa si unacho wewe? Kikunje ukipime.”

Akakikunja tabaka mbili juu ya kidole, kama alivyoona kikikunjwa muda mfupi uliopita. Kaki ilikuwa ngumu, ilikataa kulala, na tabaka la ndani lilitokeza ukingoni zaidi ya lile la kitambaa cheupe. Akaweka futi. Akaweka tena, maana alikuwa na muda.

“Tatu,” akasema.

“Tatu,” akasema Fundi, na kidole chake kikaanza kuitafuta kwenye simu, herufi moja moja.

Vifungo akakata. Huku, huku, na huku.

Gundi alivumilia alivyoweza, ikamshinda. “Samahani, Fundi,” akasema. “Hiyo tatu unayomwandikia mwenzako, wewe umeijua saa ngapi?”

“Kimya,” akasema Fundi Kola, akibonyeza. “Nafundisha.”