Tarumbeta la Vita Lililotuinua Mabibi wa Chamazi

Kwa Ndugu Stanley,
Mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea filamu, Chamazi.

Mwanangu, najua tungekutana barabarani ungeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa: marahaba. Mie ni Bibi Auleria, mjane wa mchonga vinyago, yule uliyembandikia tangazo la kumkataza kuingia mlangoni kwako. Kusoma sijui, nimesomewa. Barua hii ananiandikia Mzee Augustine, karani mstaafu, ambaye kila mara ananiambia nikae kwenye mada. Mada ninayo, Augustine. Andika.

YAH: KUOMBA TARUMBETA LA VITA LITOLEWE KWENYE FILAMU, NA MABIBI KUMI NA MMOJA TUFUNGULIWE

Yaliyotokea unayajua, ila unayajua kwa upande wa tivii. Jumamosi ile tulikuwa tunasubiri matarumbeta ya harusi ya Yasmini yapite, tutoke tumpokee bi harusi kwa vigelegele tumfikishe kwao, kama tunavyofanyaga. Jua kali, tukaingia kwako kutafuta kivuli. Ukaweka filamu ya askari wa Kizungu wenye farasi. Mara tarumbeta likalia. Nikainuka, nikapiga kigelegele, nikasema, "Jamani, huyo!" Wenzangu wote nyuma yangu. Mlango uko nyuma, sie tukapitia mbele, kwenye ukuta wa turubai, palipo na tivii, nayo ikaenda chini. Huko barabarani tukamkuta mama wa watu kwenye bajaji, ametoka kupima presha. Tukamwimbia mpaka mlangoni kwake. Hakukataa.

Tangu hapo umetufungia wote tusikanyage kwako, na wenzangu hawanisalimii. Clara, niliyekuja naye kutoka Masasi nikiwa na mimba ya kwanza, akiniona anapiga saluti: "Shikamoo, Jenerali!" Halafu anafunga mlango. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Tivii nisamehe, ila hilo linaniuma.

Sasa malalamiko.

1. Tarumbeta. Hapa kwetu tarumbeta likilia maana yake bi harusi anapita, inuka. Huwezi kumpigia mtu wa Chamazi tarumbeta halafu ukamshangaa kwa nini hajakaa. Kama ni vita, yule mtafsiri wa kwenye filamu aseme mapema, "Mabibi tulieni, hii siyo harusi." Nafasi anayo. Sauti zote anasema peke yake, ya mkubwa wa jeshi, ya mke wa mkubwa wa jeshi, mpaka farasi anawalilia yeye.

2. Ile miziki ya fidla nyingi isiyokuwa na mwimbaji. Inaanza taratibu kama mtu anapepeta mchele, zinaingia ngoma, yanaingia matarumbeta, mpaka magoti yangu haya ya kupakwa dawa yanajiona yanaweza. Fransis anayefundisha kwaya kaniambia huko Ulaya watu wanavaa vizuri, wanakaa kwenye viti vyenye mito, wanasikiliza miziki hiyo hiyo ya farasi wanaokimbilia vitani, na hakuna anayeinuka! Wanakohoa kidogo, mwisho wanapiga makofi. Sitaki kuwahukumu. Labda wamefungwa.

3. Farasi hawaulizwi. Augustine amesoma historia, anasema zamani huko Krimea wapanda farasi zaidi ya mia sita walipewa amri ikaeleweka vibaya, wakaingia bonde lenye mizinga pande tatu. Wakaenda! Nikamuuliza, hakuna hata mmoja aliyesema ngojeni kwanza? Akasema ndiyo jeshi hilo. Nikawacheka wale watu mpaka kanga ikanidondoka. Halafu nikakumbuka turubai lako. Nikaokota kanga yangu, nikajifunga upya.

4. Kwa hiyo naomba filamu zote zikatwe tarumbeta. Ikishindikana, farasi watembee. Ikishindikana hilo nalo, yule mkubwa wa jeshi amwandikie adui barua kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, wakae, wazungumze, wapikiwe chai. Vita bila mbio za farasi inawezekana. Mbona sie tunagombaniaga bomba la maji na hakuna anayepanda kitu?

5. Ukishayafikiria hayo yote utaona mwenyewe kwamba mwenye kosa ni tarumbeta. Mie niliitwa, nikaitika. Ningekuwa mwanaume na ningekuwa na farasi wangenipa nishani, lakini kwa kuwa nina kanga na magoti mabovu, nimepewa tangazo.

Nisalimie mama yako, mkeo Anna, na fundi wa tivii, mwambie nimemwombea. Wateja wako wote wasalimie, hata wale waliocheka.

Ni mie niliyebaki juani,
Bibi Auleria
(dole gumba langu hilo hapo, Augustine kalipaka wino mwenyewe)

Nyongeza: Augustine amenisomea, na kweli barua imesimama. Tatizo, mwanangu, msafara wa Yasmini ulikuwa umeshapita. Nilikaa penye tundu la turubai, nikaliona gari la bi harusi kwa macho yangu, kimyakimya, wapiga matarumbeta wanakunywa soda. Sikumwambia mtu, maana tungetoka, na filamu ndo kwanza inaanza. Tarumbeta lilipolia nilijua kabisa ni la vita. Nina miaka sabini na nne, Stanley, na sijawahi kuwa mbele ya watu hata siku moja. Wenzangu hawakujua, walinifuata tu. Wafungulie wao kumi, na Clara mwambie wewe, mie nitashindwa. Mie nitasimama nje, sitaingia. Ila siku ukiirudia filamu ile, pale farasi wanapoanza kukimbia, ongeza sauti.