Jicho la Sonara

Haya nimeyapata kwa wifi yangu, anayepiga deki hospitali ya macho. Alinihadithia Jumapili iliyopita tukichambua mchele, akacheka mpaka akawa anatupa mchele na kubakiza mawe.

Palikuwa na sonara mmoja, mzee bahili, jicho moja lilishapofuka zamani akalifunika kwa kitambaa, na kope la juu la lile zima limeporomoka likalifunika kama pazia. Ili aone kazi yake, ilibidi alishikilie kwa kidole. Sasa pete utaishika kwa mkono upi, na nyundo kwa upi?

Kijana mmoja wa mjini, waliyemwita Asali kwa ule mdomo wake, akapita dukani. Akakiona kidole. Akaliona na kabati la vioo, mikufu imejaa. Akaingia.

"Shikamoo mjomba! Kope hilo si linapasuliwa?"

"Marahaba. Na duka nimwachie nani, wewe?"

"Mimi, tena bure! Marehemu baba alikuwa na kope kama hilo. Nikikuona, namwona yeye."

Machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. Tumpe haki yake, kazi aliijua. Baba mtu, kwa taarifa yenu, yu hai na anauza mkaa. Lakini mzee alishasikia neno bure, roho ikamlainika.

Akapasuliwa. Msuli wa kope ulikuwa umechoka kabisa, kwa hiyo daktari alilifunga kope kwa uzi mpaka kwenye msuli wa paji la uso: mzee akiinua nyusi, jicho linafunguka. Siku ya kutoka, muuguzi akamwambia Asali, wifi yangu yupo hapo na ndoo yake:

"Akilala, jicho hilo kwa sasa halitafumba lote. Usishtuke. Mtie mafuta haya, ulifunike, lisije likakauka."

"Sawa dada, sawa sawa," akajibu Asali, macho yakiwa kwenye funguo kiunoni mwa mzee.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mzee akapitiwa na usingizi kitini mle dukani. Mafuta? Nani ayakumbuke! Asali akachomoa funguo taratibu, akafungua kabati, akajaza mifuko. Kugeuka, jicho hilo linamtazama.

"Mjomba... nilikuwa naifuta vumbi."

Akarudisha mkufu mmoja. Jicho halitikisiki. Akarudisha yote. Jicho liko palepale.

"Basi mjomba, usinitazame hivyo! Baba hajafa, nilikudanganya. Polisi wa nini, sisi si ndugu?" Akavua saa yake, akaiweka mezani. Akavua na pete ya dhahabu, mali ya mjinga mwingine. "Chukua, yaishe!"

Akatoka kinyumenyume, kisha mbio mpaka hospitali, amtafute muuguzi amwombee msamaha. Akamkuta wifi yangu.

"Mama, yule mzee ni mtu wa namna gani? Nimetubu dhambi zangu zote, hata neno hakunijibu!"

Wifi akaegemea mpini wa fagio. "Uliambiwa, hukusikiliza. Alikuwa kalala, baba."

"Kalala?"

"Fofofo."

"Na saa yangu? Na pete?"

"Rudi ukamwulize akiamka."

Muuguzi, aliyekuwa akipita hapo, kusikia hivyo akatoka mbio kwenda kumtia mzee mafuta. Asali akajinyoosha kwenye benchi la wagonjwa, akaguna kama aliyefiwa, akageukia ukutani. Wifi akamwambia ainue miguu apige deki. Usingizi ulikuwa umeshamchukua.