Nyumba Mia Mbili na Arobaini za Kakuma

(Hotuba ya Bwana Kiplagat, Mratibu wa Mradi wa Makao ya Rehema, aliyoitoa Kakuma Jumapili moja ya mwezi wa tano, 1976, baada ya ibada. Nimeiandika neno kwa neno kama alivyoniagiza, na yaliyotokea nimeyatia kwenye mabano. Mimi, karani wake, Elijah.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Tendaji ya Makao, ambaye kwa sasa ni mimi. Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti, ambaye atateuliwa. Mheshimiwa Mwakilishi wa Naibu, ambaye kiti chake nakiona pale mbele na nimekiwekea kofia yangu. Chifu Lokwang, jicho la Serikali hapa Kakuma, uliyetutengenezea sisi wageni kivuli hiki baridi cha majani ya mkoma. Baba Padre na Mchungaji, ambao leo mmekubali kuketi benchi moja. Mama Nyakio, mwenyekiti wa akina mama wa makanisa yote mawili, na mwenye duka lililotuletea soda. Mkalimani wetu Lokol. Wazee watukufu mlioketi juu ya vigoda vyenu kule juani. Mabibi na mabwana. Na hasa nyinyi, familia zilizopoteza makao, ambao bila shida yenu sherehe hii isingewezekana kabisa, nawasalimu kwa salamu ya hapa: ejok.

(Watu wameitikia, "Ejok noi." Makofi kidogo. Mheshimiwa amenigeukia akasema, "Andika makofi mengi." Makofi mengi.)

Ndugu wananchi, mimi si mtu wa kujisifu, na wote wanaofanya kazi chini yangu wameniandikia barua za kuthibitisha hivyo. Lakini lazima niseme kwamba leo nimetoka Lodwar kabla jua halijachomoza, nikaacha chai yangu mezani ikiwa na maziwa ndani, nikapigwa na vumbi mpaka nywele zikawa za mzee, kwa ajili yenu. Wiki nne zilizopita, laga la Tarach, mto wenu huu wa msimu, lilipofurika na kuzoa nyumba zenu, vyombo vyenu na mbuzi wenu, mimi sikuwapo hapa, lakini niliumia. Niliumia kiofisi. Habari zilinifikia Jumatatu. Jumanne niliitisha mkutano. Jumatano mkutano uliazimia kwa kauli moja kwamba pawe na mkutano, na kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata tulikuwa tumekwisha kupata jina la mradi, muhuri wa mradi, na rangi ya faili.

(Mheshimiwa ametulia kusubiri makofi. Mbuzi amelia. Nimeagizwa niandike "vigelegele".)

Katika kipindi hicho hicho cha matayarisho ya kitaalamu, ripoti zilinifikia kwamba akina mama wa makanisa ya hapa, bila kibali, bila kumbukumbu za mkutano, bila hata kuniuliza mimi, walikuwa wamekwisha kuwaingiza wenzao kwenye madarasa ya shule ya misheni, na kwamba wiki hii wanapikiwa na wa kanisa hili, wiki ijayo na wa kanisa lile, huyu analeta unga, yule analeta blanketi. Nyinyi mnaita jambo hilo kusaidiana. Sisi wataalamu tunaliita Mzunguko wa Uratibu wa Ukarimu, Awamu ya Kwanza, na napenda kutangaza rasmi kwamba mzunguko huo ulibuniwa na ofisi yangu, isipokuwa barua ya kuwaarifu ilichelewa kupigwa chapa.

(Mama Nyakio amesema kwa sauti ya kawaida, "Unga nilitoa dukani kwangu, hakuna barua ilikuja." Mheshimiwa amemshukuru kwa kuunga mkono.)

Hebu tujiulize, ndugu zangu Wakristo. Kwa nini Bwana Yesu alizaliwa zizini? Wahubiri wana maelezo yao na nayaheshimu. Lakini mimi, kwa macho ya mratibu, naona jambo moja tu: Bethlehemu haikuwa na Kamati ya Makao. Watu walimiminika mjini kuhesabiwa, jambo zuri sana, takwimu ndiyo roho ya maendeleo, lakini hakuna ofisa aliyekaa chini akapanga nani alale wapi. Na Nuhu je? Nuhu alijenga kitu kikubwa vile bila plani kupitishwa na mtu yeyote, ndiyo maana mpaka leo hakijulikani kilipo.

(Padre amekohoa. Mchungaji amekohoa. Ni mara ya kwanza nimeona wamekubaliana.)

Kwa hiyo, Mradi wa Makao ya Rehema utajenga hapa Kakuma nyumba za kisasa mia mbili na arobaini. Narudia ili karani asikosee: mia mbili na arobaini. Plani hii hapa, mnaiona nikiishika, ni plani iliyopitishwa, imejaribiwa kule kwetu juu milimani, na inafanya kazi vizuri sana. Kila nyumba itakuwa na chumba cha wageni, veranda, kabati la makoti, na ukutani meko ya kuotea moto yenye dohani ya matofali ya kutolea moshi, kwa sababu survei yetu imebaini jambo la kusikitisha, kwamba kati ya nyumba zote za Kakuma tulizozitembelea, asilimia mia moja hazina dohani. Watu wetu wataendelea kuteseka hivi mpaka lini?

(Mkalimani Lokol ametafsiri yote hayo kwa Kiturkana kwa maneno manne. Mheshimiwa amemuuliza kama hayo ndiyo yote. Lokol amesema hayo ndiyo yaliyokuwamo. Jua ni kali. Watu wamevua shuka wakajifunika kichwani.)

Sasa naona kuna mama amesimama. Karibu, mama, Serikali ina masikio, sema, lakini kwa kifupi, maana bado nina kurasa kumi na moja.

(Mama huyo anaitwa Akuwam. Mumewe alikufa mwaka jana. Nyumba yake ilichukuliwa na Tarach, na kwa wiki nne amelala na watoto wake wanne kwenye darasa la tatu. Kesho shule inafunguliwa na leo ni lazima atoke. Amemuuliza Mheshimiwa kupitia kwa Lokol: "Nyumba iko wapi?")

Swali zuri, swali la kitaalamu. Mama, nyumba iko katika hatua. Ukisema iko wapi, unaharakisha mambo. Kwanza nyumba huwa katika fikra, kutoka hapo ikaingia kwenye faili, na kutoka kwenye faili ndipo ikatua chini. Yako imekwisha kupita fikra. Nipe jina lako nikuonyeshe mwenyewe, karani anayo orodha ya mia mbili na arobaini waliohojiwa. Elijah, soma.

(Nimesoma orodha yote. Jina la Akuwam halimo. Majina ya wale wengine wanane ambao nyumba zao zilichukuliwa na maji, ambao pia ni akina mama, nayo hayamo. Yote mia mbili na arobaini ni ya wanaume.)

Bila shaka ni ya wanaume. Fomu Namba Saba inamhoji mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni baba, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Vijana wangu wa survei walizunguka Kakuma yote siku tatu, wakamuuliza kila mwanaume swali moja lililo wazi: "Una nyumba yako?" Na wanaume wote mia mbili na arobaini, ndugu wananchi, mmoja baada ya mwingine, walijibu, "Sina." Niliposoma fomu hizo pale Lodwar machozi yalinitoka. Wilaya nzima haijapata kuona balaa kama hilo. Mzee yule pale, nakutambua kwa manyoya yako ya mbuni kichwani, wewe ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Simama uwaambie watu mateso yako.

(Amesimama Mzee Nabei. Amesema hivi, kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Mimi hapana nyumba. Nilizaliwa, nikalala nyumba ya mama. Nikaoa, nalala nyumba ya bibi. Bibi ndiye anajenga, bibi ndiye mwenyewe. Mwanaume gani iko na nyumba? Wewe uliuliza, mimi nikajibu." Wazee wote wamecheka, hata Chifu Lokwang ameangalia chini na mabega yanamtikisika. Mheshimiwa ameniambia niandike "huzuni kubwa". Sikuandika.)

Mzee, unataka kuniambia, mbele ya Padre, mbele ya Mchungaji, kwamba watu hawa mia mbili na arobaini hawakupoteza kitu, na kwamba wanalala vizuri kila siku kwa wake zao?

("Vizuri kabisa," amesema Mzee Nabei, akaketi.)

Naam. Basi. Survei ni survei. Haiwezi kurudiwa kwa sababu tu imekosea. Fomu zimekwisha kupigwa muhuri. Tuseme kwamba hali ni nzuri kuliko tulivyotarajia, jambo ambalo nalo ni mafanikio ya ofisi yangu, kwamba katika kipindi cha wiki nne tumepunguza watu wasio na makao kutoka mia mbili na arobaini hadi tisa.

(Akuwam hajaketi. Ameuliza swali la pili: "Na mimi, leo?")

Mama, hilo la leo ni la karibu sana. Mimi ni wa mipango ya miaka mitano.

(Mama Nyakio amesimama. Amesema, "Bwana Mratibu, nitakuambia bila kuzunguka. Ijumaa tulikata fito na majani, akina mama ishirini, tukabeba kwa kichwa kutoka mtoni ili tumjengee Akuwam jana. Jana tukaambiwa mgeni anakuja, mgeni atachomwa na jua, fito na majani zije hapa kwanza. Tukafunga hapa. Akuwam mwenyewe alifunga upande huo umesimama. Hicho kivuli uko ndani yake, hiyo ndiyo nyumba yake." Mheshimiwa ameangalia juu.)

Kumbe.

(Nimeandika kama alivyosema.)

Sawa. Ningependa... Karani, ukurasa gani huu? Achana na ukurasa. Ndugu wananchi, mimi nimesoma, nina cheti cha uratibu, nimewahi kuhutubia mikutano yenye umeme. Lakini sijawahi kutoa hotuba ndani ya nyumba ya mtu huku mwenyewe amesimama juani na watoto wake. Mama yangu akisikia nitakosa pa kuuficha uso. Na utepe tunao, na mkasi wa fundi cherehani wa misheni tumeazima, na mimi nilitumwa kufungua kitu.

(Dereva wetu Etabo amekuja mbio kutoka barabarani. Amesema, "Mzee, mvua imepiga juu huko. Maji inakuja. Laga ya njia ya Lodwar ukingoja kidogo hutavuka." Mheshimiwa amemwambia hotuba haikatizwi.)

Kwa mamlaka niliyopewa na kamati ambayo mwenyekiti wake mmekwisha kumfahamu, naukata utepe huu, na nafungua rasmi Nyumba Namba Moja ya Mradi wa Makao ya Rehema, mali ya Mama Akuwam, aliyeijenga mwenyewe. Haina dohani. Tunaomba radhi.

(Amekata. Kwa mara ya kwanza leo Lokol ametafsiri neno kwa neno, hata lile la radhi. Makofi. Haya sikuagizwa. Akina mama wameingia kivulini bila kusubiri, wamesogeza meza, wamesogeza viti, wameanza kufunga majani pande zote kuzuia upepo. Akuwam ameingia na ngozi ya kulalia, kibuyu cha maziwa na watoto wake wanne. Mtoto mdogo ameketi kwenye kiti cha Mwakilishi wa Naibu, juu ya kofia.)

Nimalizie basi, nikisogea kidogo ili mama atandike. Tuseme pamoja: Makao kwa wote! Dohani... hapana, hilo tuliache. Harambee!

("Hee!" wameitikia wachache. Mikono ya wengi ina kamba.)

Namshukuru Mwenyekiti, ambaye ni mimi. Namshukuru Naibu, ambaye sasa sioni sababu ya kumteua. Naishukuru plani, ambayo ni ya nyumba ya walimu wa kule kwetu, niliikuta kabatini. Naishukuru faili, ina rangi nzuri, na ndani yake mna majina ya wanaume mia mbili na arobaini wenye wake wema. Nyumba hamna. Mabati hamna, mafundi hamna, na hakuna mtu yeyote aliyeidhinisha lolote. Mradi, ndugu zangu, ulikuwa hotuba, na hotuba imekwisha. Wa kushukuriwa ni akina mama, ambao wangekuwa wamemaliza tangu jana kama nisingekuja.

(Mvua imeanza. Etabo amerudi kusema barabara imekatika na hakuna atakayevuka leo wala kesho. Wazee wamekwenda kwa wake zao. Padre ana wageni, na nyumba ya Mchungaji imejaa wale wanane wengine. Mheshimiwa amebaki amesimama mlangoni, plani ameiweka kichwani, maji yanamchuruzika.

Akuwam amemtazama. Ameniomba Fomu Namba Saba, akamwambia Lokol amsomee swali, na Lokol amemuuliza Mheshimiwa: "Una nyumba yako?"

Mheshimiwa amejibu, "Sina."

Akuwam amewaambia watoto wasogee. Nimeandika kwenye orodha jina la Bwana Kiplagat, namba mia mbili arobaini na moja, kisha nikaandika langu chini yake, tukaingia.)