Madirisha Kumi na Moja ya Mapenzi

Jumatatu, 3 Juni

Mwezi wa tatu wa ndoa. Bado nikiandika "mume wangu" kalamu inatabasamu.

Asubuhi mama mkwe alikuja kutukagua. Alipita chumba hadi chumba katika nyumba yetu mpya ya wageni, akabonyeza magodoro, akauliza wageni wako wapi. Nikasema wako njiani. Akasema njia hiyo ni ndefu. Jumapili asipokuta mgeni, nyumba inarudi kuwa ghala la vitunguu kama ilivyokuwa tangu babu yake mume wangu afariki, nasi tunahamia chumba cha uani, nyuma ya banda la kuku. Mume wangu alinishika mkono. Wake una grisi ya pampu. Sijanawa hadi sasa.

Tatizo nimelijua. Nyumba haina historia. Yaani ipo, lakini ya shamba tu: babu alijenga, akalima, akazeeka. Nani atalipa kulala humo? Nikatazama madirisha ya mbele, kumi na moja. Basi! Babu alimsubiri bibi miaka kumi na moja, na kila mwaka alifungua dirisha jipya aone kama anakuja. Nilipomsimulia mume wangu nililia. Yeye akasema, kwa upole wake ule, kwamba babu aliweka madirisha mengi ili awaone wanaomwibia vitunguu. Nikamwambia hiyo si historia, huo ni umbea.

Jumatano, 5 Juni

Kibao kimesimama njia panda: NYUMBA YA MADIRISHA YA MAPENZI. Mchoraji alichora moyo unaofanana na kiazi, lakini kwa mbali unapendeza.

Wifi yangu alikisoma akabetua mdomo. Vitunguu ni vyake, na tangu kaka yake anioe vinalala nje chini ya turubai. Akasema bibi alimrushia babu mwiko hadi uzeeni. Nikasema hayo ndiyo mahaba. Akasema, "Haya, bi harusi. Mwiko umekuwa ua."

Kisha akaomba stoo inayopakana na chumba cha maharusi, akate mikia ya vitunguu kabla ya siku ya soko. Nikakubali, kwa sharti asiwaambie wageni hata neno. Ukuta wa katikati haufiki kwenye paa, lakini kisu hakina kelele. Nimemfunga mdomo kwa ukarimu. Akili ninazo, sema tu sipendi kujisifu.

Ijumaa, 7 Juni

Wageni! Karani mstaafu na mkewe, ndoa ya miaka thelathini. Waliona kibao, wakakata kona. Nikawapeleka chumba cha maharusi na kuanza kusimulia dirisha moja moja. Sijafika la nne, mke analia. La saba, mume naye. Akasema tangu amzike baba yake hajatoa chozi. La tisa, mimi mwenyewe nikashindwa kuendelea. Tukasimama watatu, tunapenga kamasi, tunatazama shamba.

Nikakimbia kumwambia mume wangu kwenye pampu. Akauliza dada yake yuko wapi. Nikasema yuko stoo, anakata vitunguu, kwani vipi? Akanitazama. Akasema basi tu. Ana macho mazuri akinyamaza.

Jumamosi, 8 Juni

Mambo yameharibika. Mume wa watu alilia chumbani mchana kutwa. Mkewe akamwuliza analilia nini. Akasema hajui. Mke akamwambia siku ya harusi yao hakulia hata kwa adabu, leo anafurika mbele ya dirisha. Mwanamke aliyewahi kuja naye hapa ni nani? Mume akaapa hajawahi kufika, ni macho tu. "Kwa hiyo hadithi haikukugusa?" Maskini, hapo hakuna jibu zuri.

Mke kahamia chumba kingine na asubuhi anaondoka. Wakiondoka kabla mama mkwe hajawaona, ni nyuma ya banda la kuku. Nilimbishia hodi nikamwongezea dirisha la kumi na mbili, la msamaha. Akauliza liko wapi. Nikasema lilizibwa. Akafunga mlango.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe anaingia, mke anatoka na begi. Nikawahi kusema anakwenda kupunga upepo. Mbele ya stoo mke akapiga chafya, akausukuma mlango. Wifi kaketi katikati ya magunia, kisu mkononi, machozi yanamchuruzika. Mke akatazama vitunguu, akatazama ukuta usiofika juu, akamtazama mumewe amesimama koridoni na macho mekundu. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Mzee wangu, nisamehe. Kumbe mke mwenzangu ni kitunguu." Mumewe akasema alijua hana kosa, ila hakujua hana kosa gani.

Wifi akavunja sharti. Akawasimulia jinsi babu alivyokaa kwenye madirisha ya mbele kulinda mazao, huku bibi akipitisha vitunguu kwenye kidirisha cha jikoni, nyuma, vikauzwe kwa siri. Ndivyo watoto wote walivyosoma. Mama mkwe akathibitisha: aliyekuwa akipokea upande wa pili ni yeye. Wageni wameghairi safari. Wanakaa hadi Jumanne, na wameomba visu nao wakate.

Uamuzi wa mama mkwe: nyumba ibaki ya wageni hadi mavuno yajayo. Historia atasimulia wifi. Mimi mashuka. Nimekubali kwa unyenyekevu. Lakini bila madirisha yangu, wale wawili wangepatanaje?

Jioni mume wangu alihamisha magunia yote kutoka stoo, kisha akaja kwangu barazani, machozi mpaka kidevuni. Nikamwuliza kulikoni. Akasema ni vitunguu. Nikamfuta kwa leso. Wanaume ndivyo walivyo, lazima wasingizie kitu. Kumbe hadithi yangu ilimgusa tangu Jumatatu!

Kesho mapema namwita mchoraji. Dirisha la kumi na mbili atalichora ukutani, pamoja na pazia.