Matusi Yenu Yaliyopita Kinywani Mwangu

Kwa Bwana Mkubwa wa Idara ya Michezo,
Kituo cha Televisheni.

Bwana Mkubwa,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, marahaba, na tuendelee. Sijui nikuweke wapi kwa kuwa siku ile nilipokuja hapo kituoni hukutoka hata ofisini kunipa mkono. Hilo peke yake lingetosha kuwa lalamiko namba moja, lakini nimekusamehe. Yako mengine ya kutosha.

YAH: KUJA KUCHUKUA MATUSI YENU

Mimi ndiye yule mzee wa Jumamosi, mliyemwalika aje kuuchambua mpira. Najua umeshanijua, kama si kwa sura basi kwa lile neno. Zamani, wewe ukiwa bado hujafikiriwa, nilikuwa golikipa, na watu wakaniita Komeo kwa sababu nikishafunga, nimefunga. Mpaka leo nikipita sokoni wauza vitunguu wananipigia saluti. Shule niliishia darasa la nne, lakini niliishia nikiwa wa kwanza, kwa hiyo barua hii naiandika mwenyewe kwa mkono wangu wa kulia, huu huu uliopangua penalti tatu katika mechi moja. Ukibisha uliza. Mmoja wa waliozipiga yu hai, ingawa hapendi kuzungumzia.

Shida yangu ni hii. Mjukuu wangu wa kwanza anaolewa. Msemaji wa familia yetu kwenye harusi ni mimi, hakuna asiyejua, na hotuba ya mjukuu huyu nilianza kuiandaa tangu alipoota meno. Ina sehemu ya kuchekesha, ina sehemu ya kuliza, na katikati ina zile penalti. Sasa kikao cha familia kimekaa sebuleni kwangu, juu ya makochi yangu, kikaninyang'anya maikrofoni kwa ajili ya maneno yaliyosikika kwenye televisheni yenu. Wamempa mdogo wangu! Mdogo wangu alikuwa karani wa bohari, na akisimama kuzungumza unadhani anasoma orodha ya misumari. Nikauliza kosa langu ni lipi. Mke wangu akasema, "Baba wee, wakwe walikuwa wanatazama." Najua walikuwa wanatazama! Mimi mwenyewe ndiye niliyewapigia simu, mmoja mmoja, nikawaambia wasibanduke.

Basi nimekaa nikafikiri, na nimegundua kwamba maneno yale si yangu. Ni ya kwenu. Nathibitisha kama ifuatavyo, na nakuomba usome taratibu maana hoja zinapandana.

1. Mliniambia nijisikie niko nyumbani. Binti wa mapokezi alisema hivyo. Mama aliyenipaka poda alisema hivyo, huku ananipaka mpaka nikawa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mtangazaji wenu, yule mwenye suruali inayombana, naye akanishika bega, "Mzee Komeo, jisikie uko nyumbani kabisa." Kabisa! Mimi ni mtu mtiifu. Nyumbani kwangu nikitazama mpira huwa natazamaje? Hamkuuliza. Mngemuuliza mke wangu angewaambia. Majirani wangewaambia, na wa mtaa wa pili pia. Kama mlitaka nitulie mngeniambia nijisikie niko msibani, na ningelia pale kwa adabu mpaka filimbi ya mwisho.

2. Kiti chenu kinazunguka. Huwezi kumkalisha mtu mzima kwenye kiti kinachozunguka, miguu haigusi chini, halafu utegemee maneno yake yatulie.

3. Mlinitia sauti sikioni. Sikuiomba. Kikaja kidude kidogo kama punje, kikachomekwa, na ndani yake kuna mwanamume simwoni ananiamrisha. Mara, "Mzee tazama mbele." Mara, "Mzee usijikune." Nilivumilia. Kipindi cha kwanza chote nilizungumza lugha safi, kama mtu aliyekwenda kuposa. Nikasema "kwa kweli", nikasema "tukiangalia kwa undani". Yule mchambuzi wenu mwenye kuchora mishale kwenye kioo alisema kipa wa siku hizi lazima ajue kuuchezea mpira kwa miguu, nami nikatabasamu, ingawa moyoni nilijua kwamba Mungu alimpa kipa glavu kwa sababu. Sasa niambie, baada ya ustaarabu wote ule, mtu wako wa sikioni alisema nini? Alisema, "Mzee umepoa sana. Changamka! Watazamaji wanasinzia." Nakuapia hayo ndiyo maneno yake. Kwa hiyo mtu mstaarabu mlikuwa naye kitini, na nyinyi wenyewe mkamkataa.

4. Mliniuliza swali. Hapa nataka uwe makini, maana ndipo penye kiini. Dakika zinakwisha, timu yangu ya zamani inaongoza. Beki akamrudishia kipa mpira. Mpira wa kupiga! Hata shangazi yangu angeupiga, na shangazi yangu goti moja halikunji. Kijana akaukanyaga. Akamtazama fowadi anakuja, akampiga chenga. Mchambuzi wenu akasema, "Safi sana." Akaja fowadi wa pili, kijana akataka kumpiga chenga na huyo. Akanyang'anywa, mpira ukaingia wavuni unatambaa, hata kasi haukuwa nayo. Wakati huo mlikuwa mmeniweka kwenye kijisanduku pembeni ya picha ili nchi nzima inione ninavyougua. Halafu mtangazaji, katika muda huo huo, kidonda kingali kibichi, ananigeukia na meno yote nje, "Mzee Komeo, wewe kama kipa mkongwe, unajisikiaje sasa hivi?" Na sikioni, "Tuambie ya moyoni mzee, ya moyoni!"

Niliwaambia ya moyoni.

Neno lenyewe silirudii hapa, barua ni kitu cha heshima. Nitasema tu kwamba nilizitaja akili za yule kijana, nikakitaja na kiungo cha mwili tunachokalia, nikaeleza kwamba zile zimehamia kwenye hiki, na zimehamia na vyombo. Halafu nikamalizia kwa lile neno fupi. Sasa mimi nakuuliza, mtu akikuuliza saa, ukamjibu ni saa nane, na saa nane haimpendezi, mwenye kosa ni wewe?

5. Kidole chenu kilikuwa wapi? Fundi wa televisheni wa mtaani kwetu, mtu anayejua kazi yake, amenieleza kwamba vituo vikubwa huchelewesha picha kidogo kabla haijatufikia, na kuna mtu amewekwa mahali, kidole juu ya kitufe, kazi yake ni kusikia neno chafu na kulizima. Nilipolisikia hili nikashindwa kula. Kumbe mna golikipa! Mnaye wa maneno, mnamlipa, na lile neno likampita katikati ya miguu. Tena sikulificha, nilianzia mbali, nilizungukia akilini kwanza kabla ya kushuka, kila mtu aliona linakuja. Mimi nimekaa golini nusu ya maisha yangu, na bao likiingia analaumiwa golikipa. Analaumiwa yeye, anazomewa yeye, anarushiwa chupa yeye. Sijawahi kuona mtu anaulaumu mpira. Siku ile, Bwana Mkubwa, mimi nilikuwa mpira tu. Na kama ningekuwa mimi ndiye mwenye kile kidole, lile neno lisingetoka hata herufi.

6. Mliomba radhi bila idhini yangu. Hili ndilo lililonimaliza. Shemeji yangu anaapa kwamba alidhani nimekohoa. Mama yake bwana harusi alikuwa jikoni, hakusikia lolote. Mambo yalikuwa yanapita taratibu kabisa. Ndipo mtangazaji wenu akaikazia macho kamera akasema, "Tunawaomba radhi watazamaji wetu kwa maneno makali ya mgeni wetu. Maneno hayo hayawakilishi msimamo wa kituo." Nyumba zote zikaamka! Nchi nzima ikaanza kuulizana, "Kwani amesema nini?" Waliosikia wakawaeleza wasiosikia, na kila aliyeeleza aliongeza chumvi yake. Mama wa bwana harusi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kama hesabu zangu ni sawa, neno hilo mimi nililisema mara moja, na kupitia kwenu likasemwa kila nyumba. Sasa nani ana mdomo mchafu hapa?

Na huo msimamo wa kituo ni upi? Kwamba kijana alicheza vizuri?

7. Hapa sasa ndipo penye uchungu mkubwa, na nilipofika nililazimika kuweka kalamu chini. Yule kipa anadaka katika goli langu. Nguzo zile nilizipa mgongo mimi. Kwa hiyo kikazi ni mwanangu, na nimeshaonyesha kuanzia namba moja hadi namba sita kwamba maneno yale yalikuwa ya kituo. Maana yake nini? Maana yake mlimtukana mwanangu mbele yangu, mbele ya nchi nzima, na chombo mlichotumia ni mdomo wangu mimi mwenyewe. Nimetukaniwa mtoto, nimeazimwa kinywa bila kuulizwa, na bado napokonywa maikrofoni. Katika mkasa huu mzima aliyeumia kuliko wote ni mimi, na bado sijapata hata ua.

Kwa hayo, naomba mambo madogo tu.

Kwanza, barua yenye muhuri kwenda kwa familia yangu, ikieleza kwamba matusi yale ni mali ya kituo, yalipotea kidogo yakaonekana kwangu, na sasa yamerudi salama.

Pili, mtangazaji aje kwenye kikao cha familia avae suruali ya kawaida, akalie kigoda, na mdogo wangu amwulize anajisikiaje.

Tatu, na hili ndilo hasa. Jumamosi ijayo, moja kwa moja hewani, wewe Bwana Mkubwa ukae kwenye kile kiti kinachozunguka, upakwe poda, ulitamke lile neno kwa sauti yako mwenyewe, ili kila mtu asikie linavyotoka kwa mwenyewe. Halafu nitaingia mimi. Nitaikazia macho kamera, nitawaomba radhi watazamaji kwa niaba yako, na nitasema kwamba maneno hayo hayawakilishi msimamo wangu. Hapo tutakuwa sare, na hakuna mtu atakayekuwa na neno na mwenzake.

Haya yakifanyika kabla ya harusi nitashika maikrofoni yangu. Yasipofanyika, mjukuu wangu ataolewa kwa orodha ya misumari, na machozi ya bibi harusi yatakuwa juu yako.

Nisalimie kituo kizima. Msalimie mama wa poda, ndiye mfanyakazi pekee hapo aliyefanya kazi aliyopewa. Nisalimie binti wa mapokezi na mlinzi wa getini aliyenisindikiza akisema "karibu tena mzee" huku mabega yanamtikisika. Msalimie mchambuzi na mishale yake. Mtu wa sikioni mwambie bado namsikia nikilala. Na mwenye kidole mpe salamu maalumu, mwambie kuchelewa kuruka kunatibika kwa mazoezi, akitaka aje kwangu alfajiri nimfundishe bure.

Wako katika michezo na katika maumivu,

Mzee Komeo
(golikipa, babu wa bibi harusi, na mtu asiyetukana)

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimelazimika kuichana. Sasa hivi wamekuja wajumbe kutoka kwa wakwe. Nilipowaona getini nilijifungia chumbani, nikijua wamekuja kuvunja uchumba. Kumbe wametumwa na bibi yake bwana harusi. Bibi huyo ni shabiki wa timu yetu tangu enzi nadaka, na Jumamosi ile mpira ulipoingia alilitamka neno lile lile, sebuleni kwake, mbele ya wanawe wote, pumzi moja kabla yangu. Wanawe wakamkodolea macho. Hajui pa kuuficha uso, ndipo nikatokea mimi kwenye televisheni nikalisema tena, na ufafanuzi juu. Akawaambia, "Mmeona? Hata wataalamu wanasema." Heshima yake niliiokoa mimi. Sasa ameapa kwamba asiposhika maikrofoni mzee wa televisheni, yeye harusini haji, na yeye asipokuja hakuna harusi. Mke wangu ameshaanza kulipiga pasi koti langu.

Kwa hiyo, Bwana Mkubwa, kuanzia namba moja hadi namba saba futa. Maneno yale ni yangu. Niliyatunga mwenyewe, akili timamu, kiti kilikuwa kizuri sana na sikioni sikusikia kitu. Kituo kikithubutu kusema ni yake, au kuyaombea radhi tena, tutafikishana mbali. Na mkanda wa siku ile niletee, wenye sauti safi, bibi anautaka upigwe ukumbini kabla sijasimama.

Jambo la mwisho, la haraka. Mdogo wangu alikuwa sebuleni wajumbe walipozungumza. Tangu waondoke anazunguka mtaa mzima akisema neno lile alinifundisha yeye tulipokuwa wadogo. Akija hapo kituoni kudai, msimfungulie.